Walioandikwa Wamehama

Kwako dada mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa wale watundu wako. Goti la shemeji limepona, au bado analitumia kukwepa kufua? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio hauko mahali pake. Ningepiga simu, lakini simu yako huipokea mama kabla yako. Ndiyo maana nimemtuma mwenzangu wa maabara akuletee barua hii leo hii. Isome peke yako.

Kazini hatuna raha. Wafadhili wametuambia kwamba makala isipochapishwa mwaka huu, fedha zinakatwa, na ajira zetu zinakwenda nazo. Profesa wetu, tunayemwita Makala Kwanza, amekonda mpaka ametoboa tundu jipya kwenye mkanda. Mlango ukigongwa tu, anashtuka.

Unajua tunajaribu dawa mpya ya presha. Wengi imewafaa, ila wachache walianza kupata kizunguzungu, kisha kuanguka. Kikaoni profesa alisema hakuna jarida litakalosifu dawa inayoangusha watu, kwa hiyo hao tuwaandike wamehama, hawapatikani. Akacheka peke yake, akasema funika kombe mwanaharamu apite. Sote tukainamia vikombe vyetu vya chai. Niliogopa kufukuzwa, dada. Juzi makala ilikubaliwa, tukakatiwa keki.

Sasa kaa chini. Watu wa kujaribiwa dawa walipokosekana, kila mmoja wetu aliambiwa alete wake. Mimi nilimleta mama. Alikubali kwa fahari, akasema hawezi kuogopa dawa ya mwanawe. Ni vile vidonge vya kichupa cheupe. Siku ile alipoanguka bafuni mkalaumu sabuni, haikuwa sabuni. Mama yetu, ambaye hajawahi kulala nje ya nyumba ile tangu tuzaliwe, kwenye orodha niliyoiona leo ofisini amehama. Na aliyehama hafuatwi nyumbani kuambiwa aache dawa.

Mpeleke hospitali sasa hivi, na kichupa mkononi, daktari aamue. Wale wengine nitawagongea mlango mmoja mmoja. Wote wapo makwao. Baada ya hapo sijui nitabaki na kazi au na kesi.

Msalimie mama. Usimwambie lolote juu yangu. Nitakuja nimwambie mwenyewe, akiwa bado yupo wa kuambiwa.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda mimba