Besi Inayojua Kunyamaza

Jumatatu, 3 Machi
Mume wangu kaleta fundi sauti mpya karakanani. Mwanamke. Keshambandika jina: Sikio, eti husikia kasoro kabla hujamwambia. Mimi nimezeeka na gundi na vumbi la mbao, naunda maboksi ya sabufa, zile spika za besi, sijawahi kupewa hata jina la utani.

Jumatano, 5 Machi
Wameipima sabufa yangu ya ukumbi wa maigizo. Boksi halina tundu, nimeliziba mwenyewe. Sikio kasema ni dogo kidogo, ndiyo maana besi inafura kwenye noti moja na ngoma ikipigwa inaburuta mkia. Anataka kupunguza pale palipofura kwa ikwalaiza, mtambo wake wa kupandisha na kushusha sauti. Nikasema ikwalaiza ni vipodozi tu – haiwezi kuifunza koni, ule utando wa spika unaotikisika, kusimama haraka. Mume wangu akacheka. Alicheka naye, si nami.

Alhamisi, 6 Machi
Sikio kapunguza ule uvimbe. Ngoma ikapigwa – du! – ikanyamaza. Papo hapo. Nilisikiliza kwa nia mbaya, sikupata pa kushika. Akanieleza taratibu kwamba uvimbe na mkia ni kitu kimoja. Ukiondoa huu, na ule unakwenda.

"Dada, boksi lako limetulia," akasema. "Lingekuwa linavuja nisingeweza kitu."

Heri angenitukana. Na mume wangu kampelekea chai mwenyewe. Kwenye kikombe changu!

Jumamosi, 8 Machi
Majaribio ukumbini. Walipotoka kula nikaufuata mtambo wa ikwalaiza, nikapandisha besi ya chini kabisa. Nyingi. Jana yeye mwenyewe alionya: boksi lililozibwa ukilidai besi ya chini kupita kiasi, koni husafiri mno mbele na nyuma mpaka igonge. Basi na igonge. Mbele za watu. Aumbuke yeye.

Sasa nimejibanza chumba cha kubadilishia nguo, naandika gotini. Meneja wa ukumbi kafika. Kupitia ukutani namsikia Sikio akimweleza kwamba sabufa hii ni kazi ya mikono yangu, kwamba yeye kaigusa kidogo tu. Mume wangu anaitikia. Sauti yake ina fahari – ya nani, sijui.

Mlango umefunguliwa. Ni Sikio.

"Dada, njoo. Nimewaambia sabufa utaiwasha wewe."

Nimemwomba nimalizie mstari. Kasema hana haraka. Kaegemea mlango, ananisubiri, anatabasamu –