Sentensi ya Ng'washi

Ilomba, Mbeya
17 Oktoba 1976

Kaka Bartholomeo,

Pokea salamu zangu, wewe, wifi Lea na mama. Natumaini baridi ya Iringa imepungua na kifua cha mama kimetulia. Mimi ni mzima.

Kuna jambo la shuleni ambalo ni bora ulisikie kutoka kwangu. Vitabu vya darasa la sita havikutosha mwaka huu, nikaona watoto waandike cha kwao. Tulipasua mifuko ya saruji, tukaibandika ukutani, wakaandika kwa mkaa habari za makwao. Kila mmoja aliruhusiwa kuongeza au kusahihisha maneno ya mwenzake. Sharti lilikuwa kwamba ukifuta, useme umejuaje.

Walibishana juu ya reli na mbegu za viazi, wakaenda kuwauliza wazazi. Kisha Isakwisa, mtoto wa balozi wetu wa nyumba kumi, akaandika kwamba watu walihamia vijijini kwa furaha. Ng'washi, aliyetoka Usangu na sasa anakaa kwa baba yake mdogo Bujiku, akakata neno furaha, akaandika kwamba siku ya kuhamishwa bibi yake mzaa baba alifia juu ya lori. Isakwisa akafuta. Ng'washi akaandika tena. Ikawa hivyo wiki nzima, nami sikuingilia, ila nilimkumbusha Isakwisa sharti letu.

Jumamosi akaenda mwenyewe kumuuliza Bujiku. Jumatatu hakufuta kitu. Aliongeza chini yake kwamba bibi huyo alizikwa kando ya barabara, na kaburi alilichimba Bujiku.

Kesho yake mwalimu mkuu, Mzee Abrahamu, akayasoma. Aliagiza karatasi zishushwe, na walioandika watajwe ili wazazi wao waitwe kujieleza. Nikamwona Ng'washi anaanza kusimama.

Kaka, nilisema niliyeandika ni mimi, yote mawili, la kifo na la kaburi. Mzee Abrahamu anaujua mwandiko wangu miaka mingi. Aliutazama ukuta, akanitazama, akaniuliza kama nina hakika. Nikasema ninayo. Akaandika jina langu.

Barua ya uhamisho imefika jana. Napelekwa shule ya mbali, hakuna hospitali karibu. Kwa hiyo mama hataweza kuja kwangu Desemba kama tulivyopanga. Najua mzigo unabaki kwako na kwa wifi, na sikuwauliza kabla ya kusema. Umweleze mama kwa namna utakayoona inafaa.

Jana jioni Bujiku alikuja na kibuyu cha maziwa ya mgando. Hakuzungumzia uhamisho, wala hakushukuru. Alikaa kidogo, akasema mama yake naye aliitwa Ng'washi, akaaga.

Nisalimie majirani wote na wale wa kigangoni. Nikifika huko nitakuandikia anwani.

Ni mimi mdogo wako,
Tekla Kalinga