Kidole cha Iowa

Durban, Jumanne usiku, Juni 1998

Samahani, daftari langu, nimekutupa muda mrefu. Neema anaota meno, mimi silali.

Leo baba yake amepiga simu kutoka Iowa, Marekani, anakofanya kazi; anataka tumfuate. Nilishaapa kumwambia siendi huko, kwenye kale kamji kenye mahakama katikati na mahindi pande zote. Nikiugua huko na mtoto, nani atanipigia hodi?

Yeye anacheka tu. Juzi akienda kazini kwa miguu, mzee mmoja kwenye gari akamwinulia kidole. Kwa mazoea ya Durban, ambako kidole juu ni ishara ya taksi ya mjini, akadhani ni taksi. Akaisimamisha, akapanda, akatoa nauli!

"Kumbe huku kidole ni salamu, Mama Neema. Mzee akakataa hela, akanifikisha mpaka mlangoni."

"Eish! Hukuona haya?"

"Jioni mji mzima ulijua! Sasa ananipitia kila asubuhi. Na mke wake anauliza mtoto anavaa viatu namba ngapi."

Hapa mtaani Jacobs nani amewahi kuuliza miguu ya Neema?

Sikusema ndiyo. Nilisema tu, kabla baridi ya huko haijaanza, atume viatu vya theluji vya Neema, namba nne, koti langu lenye kofia, na picha ya huyo mama, nimjue nikifika.