Randa la Watu Wawili

Ndugu yangu Mutiso,

Nilikuvumilia miaka yote ukiwa hai, na sasa wanisumbua hata ukiwa umelala kwenu Machakos! Binti yako Mwende anaolewa Jumamosi. Ulimwahidi kabati la mvule, ukaenda zako, ukaniachia mimi mbao hazijapigwa randa, pamoja na lile dude lako.

Nani duniani bado anatumia randa la mti, refu namna ile, kishikio nyuma na kigingi mbele? Wewe ukisukuma, mimi nikivuta. Mafundi wote wa mtaa wetu wa Satellite wana randa za chuma za mtu mmoja. Nilipokwambia, ulikuwa ukinijibu, "Athumani, mvule iko na nyuzi kaidi. Hiyo chuma itaruka, itang'oa nyama ya mbao."

Basi juzi nikakuasi. Nikaenda madukani River Road, nikachagua la chuma vile ulivyonifundisha mwenyewe: nikaweka rula chini ya tumbo lake nione kama mwanga unapenya, nikatazama mdomo, pale kisu kinapotokea, uwe mwembamba. Nikanoa kisu, nikakitoa kidogo tu. Mara ya kwanza likapita vizuri. Mara ya pili, lo! Likang'oa nyama ya ubao wa mlango wa kabati. Nikageuza ubao, likang'oa na upande ule. Nilikutukana, wallahi, peke yangu karakanani, kwa sauti.

Nikalirudia dude lako. Nikasukuma, likakwama. Kwani ulidhani nani angevuta? Mvutaji si ni mimi? Kichwa chote kile, hukuwaza hilo?

Jana Mwende akaleta chai, akanikuta nimekaa juu ya meza ya kazi, nimenuna. Alijifunga leso kiunoni, akashika kigingi cha mbele, mahali pangu, akangoja. Ikabidi mimi niende nyuma, kwako. Mutiso, kile kishikio kimelika kufuata vidole vyako. Vyangu viliingia humo humo. Mtoto akavuta, nikasukuma, na maranda ya mvule yakatoka marefu, hayakatiki. Nililia mbele yake kama mjinga. Nimekukosa, bwana, na hilo nalo linaniudhi.

Lala salama, mbishi wangu. Kabati litafika kwa Mwende kabla ya harusi, naahidi, na mlango wake hautamchoma mkono. Lakini tukikutana huko uliko, mimi ndiye nitakayesukuma. Wewe utavuta, uone kazi yake.

Athumani