Mbio Zilizokwisha Asubuhi

Kwa mdogo wangu Kariuki,

Natumaini karatasi hii inakukuta ukiwa mzima, wewe na mke wako Njeri na wale mapacha, na kwamba kiangazi hakijawamaliza ng'ombe. Mimi niko hai. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu mtandao wa Njoro una tabia ya kukatika kila nikiuliza jambo la maana, na karatasi haikatiki.

Kabla sijatafuta kibanzi jichoni mwako, wacha nitoe boriti yangu. Niliwaficha kitu. Kabla ya Krismasi niliteleza kwenye barafu nikitoka kazini, pale kwenye nyumba ya wazee ninaowahudumia, goti likaharibika na mwezi uliopita nikapasuliwa. Ile picha ya Krismasi niliyowatumia, nikiwa nimesimama mlangoni na koti jekundu, ilipigwa mwaka juzi. Sikutaka Baba akose usingizi. Sasa ni wiki ya nne niko kwenye kochi, mguu juu ya mito miwili, magongo ukutani.

Kazi yangu ni kutazama runinga, na msimu huu runinga ya huku Kanada haina kingine ila michezo ya barafu. Nakuambia, kuna kitu tunafichwa. Mimi ni mtu wa Bonde la Ufa, nimezoea mbio ambazo anayekata utepe kwanza ndiye mshindi, na hata mtoto wa nasari hahitaji kuelezwa. Huku mtu anaruka kutoka mlimani, anatua salama, watu wanapiga makofi, halafu waamuzi waliojifungia kwenye kibanda wanasema amekuwa wa nane kwa sababu mikono yake haikukaa vizuri hewani. Mikono. Wengine wanasukuma jiwe polepole huku watu wazima wawili wakilifagilia njia kwa mifagio. Wakimaliza wanaangaliana, wanakubaliana nani ameshinda, wanasalimiana. Mashindano yasiyo na hata mtu mmoja wa kubisha mimi siyaamini. Na mtu akianguka wanarudia lile anguko mara tano, taratibu, goti langu likishtuka kila mara, lakini wakifika karibu na mwisho wanakatiza na kuleta tangazo la chakula cha paka.

Jumamosi nikampata wa kwangu. Msichana mwembamba wa kofia ya kijani, kwenye zile mbio ndefu za kuteleza na mbao miguuni. Alikuwa nyuma, anapumua kwa mdomo kama Mama alivyokuwa akipandisha kilima na mtungi wa maziwa. Pale juu ya kioo waliandika kwamba tunaonyeshwa moja kwa moja. Nikaanza kumwombea. Niliomba kwa sauti, Kariuki, nimeshika gongo, mpaka jasho likanitoka.

Akaingia Chelagat. Huyu ni msichana wa kwetu, wa Salgaa, tunafanya kazi pamoja na ndiye ananiletea unga. Akasimama akanitazama.

"Nyambura, unaombea nani?"

"Huyu wa kofia ya kijani. Amebakisha kilima kimoja."

"Hiyo race iliisha asubuhi. Niliona kwa simu. Alikuwa wa nne."

"Si wameandika ni live?"

"Wameandika tu, wewe. Huyo saa hii ako hoteli anakula."

Nilizima runinga. Chelagat alidhani nimekasirikia msichana wa watu. Sikumwambia nilichokuwa nafikiria.

Kariuki, tangu Krismasi sijaongea na Baba. Nikipiga, ameenda shambani. Nikipiga tena, amelala, saa nne asubuhi, Baba ambaye hulaumu jogoo kwa kuchelewa. Wiki iliyopita ukaniambia amepelekwa Kikopey kula nyama. Baba hana meno ya kutafuna hata githeri ya jana, atafuata nini Kikopey? Halafu ukanitumia ile sauti yake: "Nyambura, mimi niko sawa, fanya kazi, usiwe na wasiwasi." Nilifurahi. Baada ya ile Jumamosi niliirudia, nikaisikiliza mpaka mwisho kabisa. Kuna mbwa anabweka, na Baba anasema, "Nyamaza, Simba."

Simba uliniambia mwenyewe aligongwa na pikapu ya maziwa mwezi wa kumi na moja, mkamzika nyuma ya tangi.

Najua kwa nini mnafanya hivi, maana ndivyo tulivyolelewa. Aliye mbali haambiwi mabaya, asije akaanguka huko peke yake. Mama alipofariki mliniambia ana presha kidogo. Siku mbili nilimwombea apone, na nyinyi mlikuwa Nakuru mnachagua jeneza. Sijawahi kukuambia jinsi jambo hilo lilivyoniuma. Liliniuma kuliko hili goti.

Kama Baba ni mgonjwa, sema ni mgonjwa. Kama hawezi kuongea, weka simu karibu na mdomo wake nisikie anavyopumua, nitamjua. Na kama ni lile lingine, sema pia. Naogopa, lakini naogopa zaidi kuombea jambo ambalo limeshakwisha.

Chelagat anakuja likizo na ndiye amekuletea barua hii. Najua utamkaribisha chai, kisha mkate, kisha mayai, ili muda uende. Nimemwambia asiguse kikombe kabla hajamwona Baba kwa macho yake. Usimwone hana adabu, ni mimi nimemtuma.

Nisalimie Njeri, na mapacha, ambao nasikia wameanza kupigana. Nisalimie shangazi Wambui wa Gilgil, mwambie kitambaa alichonifumia ndicho nimefunika mguu. Nisalimie pia mzee jirani aliyetuazima toroli, kama bado hamjamrudishia mrudishieni.

Salamu za Baba ziko ndani ya bahasha hii, kwenye karatasi ndogo niliyoikunja mara nne. Mpe mkononi mwake. Kama hakuna mkono wa kuipokea, usiifungue, usimpe mtu mwingine. Mrudishie Chelagat aniletee.

Dada yako, anayekupenda na asiyekuamini,
Nyambura