Maji Yaliyorudi na Ukungu

Medawachchiya, 3 Mei 2017

Mwanangu Nilukshi,

Joto la Kuwait linakutendeaje? Sisi tunavuta siku. Figo za baba yako zimegoma kabisa, lakini nesi amenifundisha kumsafishia damu hapahapa nyumbani. Mara nne kwa siku natundika mfuko, maji ya dawa yanaingia tumboni kwa mrija, yanakaa, kisha nayatoa. Nafunga mlango, nazima feni, nanawa mpaka viwiko. Maji yakitoka safi, unasoma gazeti ukiliweka nyuma ya mfuko. Baba yako huniuliza, "Bi daktari, leo mpunga bei gani humo?"

Majirani nawazuia barazani. Wanasema nimeota mapembe.

Mama yako

Kuwait, 14 Mei

Shikamoo Mama,

Mimi mzima, kazi tu. Shangazi Premawathi anasema mnamtegemeza Baba kwa mifuko tu, hata watawa hamjawaita wamsomee pirith, sala za kumkinga mgonjwa. Mnaniaibisha. Waite. Na wakikufunga uzi wa baraka usiuvue, uache ukatike wenyewe. Usiniletee ukaidi wako.

Mwanao, Nilukshi

Kuwait, 2 Julai

Mama,

Leo sikuamkii. Baba amefariki, maiti yake imeshachomwa, nami nimeambiwa na Shangazi, si wewe. Anasema uchafu uliingia tumboni. Kazi ilikuwa moja, Mama, kunawa mikono. Sitarudi huko.

Nilukshi

Medawachchiya, 25 Julai

Mwanangu,

Natumaini unakula. Barua yako nimeisoma, nikakaa nayo wiki mbili.

Baada ya ile barua yako ya Mei, watawa walikuja Jumamosi moja, wakasoma vizuri, wakanifunga uzi mkononi. Nesi alishanikataza kuvaa chochote mkononi: pete, bangili, uzi. Nilishika mkasi mara mbili, mara mbili nikauweka chini. Baba yako akasema, "Kata, mama Nilukshi, Buddha hana kinyongo." Nikamwambia anyamaze, mtoto ameomba. Nikawa nanawa, uzi unalowa, unakauka, unalowa. Siku ya tisa maji yalirudi na ukungu. Niliweka gazeti nyuma ya mfuko, sikuona hata herufi. Hospitali walimlaza wiki mbili, hakupona.

Sikukupigia simu kwa sababu ungeniuliza habari za uzi, nami sijui kukudanganya. Usijilaumu. Wewe ulikuwa mbali. Mkono ulikuwa wangu.

Baba yako alikuwa akikatwa nywele anafumba macho kama mtoto. Nilitaka ulijue hilo.

Septemba ni sadaka ya miezi mitatu tangu atutoke. Nitawalisha watawa walewale. Usipokuja nitaelewa. Ila siku hiyo, ukiwa huko kazini, unikumbuke.

Mama yako