Mnandi Wameacha Kuzamia

Jumatatu, 3 Machi 1952
Nimepasua samaki kambini tangu alfajiri. Mikono inanuka. Tajiri mwenye kambi anataka sato wabanikwe upesi, lori la mgodini linakuja kesho. Wachimba dhahabu wanakula kama nzige. Mume wangu, Baba Stefano, amerudi na furu, visamaki vidogo, wa kujaza kikombe. Amenuna. Nami nimenuna.

Jumatano, 5 Machi
Hapa kwetu hakuna anayetia wavu majini kabla ya kuwatazama mnandi. Ndege weusi, shingo ndefu. Wanapozamia ndipo samaki walipo. Mume wangu ndiye msomaji wao. Wavuvi wote humngoja anyooshe mkono. Leo aliunyoosha kuelekea kambini. Wakaenda, wakatega, wakavuta matope. Wamemcheka njia nzima. Aibu imenikaa mimi kuliko yeye.

Ijumaa, 7 Machi
Nimewaona kwa macho yangu. Tunatupa matumbo ya samaki ufukoni, na mnandi wamejipanga kama watoto wanaongoja uji. Hawazamii. Wazamie kwa nini? Mmoja alitapika mbele yangu: utumbo mtupu na ukoko wa ugali wa vibarua. Hata mfupa wa furu hakuna.

Jioni nimemweleza Baba Stefano.

"Bhebhe, wewe Mama Stefano, ndege haachi asili yake."

Nikamwambia tumbo likishiba bure, asili husahaulika. Alicheka. Halikuwa cheko la furaha. Kazi ya kuwasoma mnandi aliachiwa na baba yake, na mimi nilikuwa namwambia imekwisha.

Jumapili, 9 Machi
Msimamizi wa kambi amechoka na harufu na inzi. Kuanzia kesho matumbo yatapakiwa kwenye boti ya injini, yakamwagwe mbali kilindini. Nimefurahi. Mnandi wataona njaa, watarudi kuzamia. Kanisani nimeliombea hilo, nimepiga na magoti.

Jumanne, 11 Machi
Ufuko mtupu. Mnandi wote wako mbali, madoa meusi madogo madogo yanazunguka juu ya kilindi. Kijiji kimeshangilia: samaki wamehamia kule! Waliomcheka mume wangu leo wanampa shikamoo kutoka kila upande.

Nimemshika mkono nyuma ya nyumba. Nimemwambia wanafuata matumbo yetu, boti imewatangulia. Akasema nisimwaibishe mbele za watu. Kesho anakwenda. Kwa desturi msomaji hutangulia peke yake, na wenzake husubiri karibu na ufuko mpaka ainue kafi juu.

Nimemfungia viazi na maji. Nimeshindwa kumnyima.

Jumatano, 12 Machi
Upepo umegeuka mchana. Mvua kubwa, ziwa jeupe. Wenzake walingoja kafi liinuliwe, hawakuliona, wakakimbilia ufukoni. Yeye hajarudi.

Alhamisi, 13 Machi
Hajarudi.

Jumamosi, 15 Machi
Watu wa boti wameukuta mtumbwi umepinduka, pale pale wanapomwaga. Wavu ulikuwa umenasa kwenye ubao wa kukalia. Wameniletea. Nimeukagua mwenyewe, tundu kwa tundu. Samaki hakuna. Kuna utumbo wa sato, umejisokota kwenye nyuzi. Huenda sato huyo nilimpasua mimi.

Wenzake wamekuja kukaa nami. Mmoja ameanza kusema mnandi wamemdanganya. Nimemkatiza. Mnandi hawakumdanganya mtu. Walikwenda kula.

Nina hasira na mume wangu, Mungu anisamehe. Nilimwambia.

Jumanne, 18 Machi
Hajaonekana, na wazee wamesema tusingoje zaidi. Badala ya mwili wake tumezika kigogo cha mgomba kilichovishwa shati lake la Jumapili. Stefano ameuliza kama baba yake yumo ndani. Nimesema ndiyo. Mvua imenyesha hadi jioni.

Jumatatu, 31 Machi
Nimerudi kambini. Stefano lazima ale.

Asubuhi boti ilitoka, mnandi wakaifuata kuelekea kilindini. Wanaume walisimama ufukoni wakawatazama, kama siku zote. Hakuna aliyegusa kafi. Baadaye mmoja mmoja wakarudi nyumbani.

Nikachukua kisu changu. Ndoo ya matumbo ilijaa kabla ya adhuhuri.